Myumbo wa nyoka: shajara ya kuiga solitoni ya giza inavyovunjika kuwa visulisuli vya mwanga

6 Januari 2024. Kinachotafutwa

Mwale mpana wa leza ukipita katika maada inayotanua mwanga badala ya kuukusanya, inawezekana kuchora ndani yake mfereji mwembamba wa giza ambao hausambai wala hauzibiki unaposafiri. Mtawanyiko wa kawaida wa mwanga unataka kuutanua mfereji huo, shinikizo la mwanga mkali wa pande zote mbili linataka kuubana, na mambo hayo mawili yakilingana mfereji hubaki na umbo lake. Hiyo ndiyo solitoni ya giza. Jambo la kushika tangu mwanzo ni fezi, yaani mahali wimbi lilipofika katika mzunguko wake: wimbi la upande mmoja wa mfereji limepishana na la upande wa pili kwa nusu mzunguko kamili, kwa hiyo upande mmoja ukiuandika +1, wa pili ni −1, na katikati lazima thamani ipite kwenye sifuri.

Mwaka 1988 Kuznetsov na Turitsyn walionyesha kwa hesabu kwamba mfereji ulionyooka wa aina hii hautengemai mwale unapokuwa na upana wa pande mbili. Mwaka 1996 jambo hilo lilionekana maabara: Tikhonenko na wenzake waliliona katika mvuke wa rubidi, na Mamaev, Saffman na Zozulya wakaliona katika kristali ambayo mpindo wake wa mwanga (kipimo cha jinsi inavyoupinda mwanga) hubadilishwa na mwanga wenyewe. Mfereji hujipinda kama nyoka, kisha hukatika na kuacha safu ya nukta za giza, na ukiizunguka kila nukta fezi nayo hukamilisha mzunguko mmoja, ama kulia ama kushoto. Nukta hizo huitwa vorteksi. Mimi nitaziita visulisuli, kwa jina la ule upepo unaozungusha vumbi uwanjani wakati wa kiangazi, kwa sababu aliyewahi kuuona hahitaji kuelezwa kwamba mzunguko uko pembeni na utupu uko katikati.

Nia yangu ni kurudia tukio hili kwenye kompyuta mpakato ya mtumba yenye RAM ya GB 8, kwa lugha ya Python na maktaba yake ya hesabu, NumPy, na kuandika kila kilichoharibika ili atakayefuata asipoteze wikendi zile zile. Mlinganyo ni huu, ukiwa umekwishapunguzwa vizio:

i ∂u/∂z + ½(∂²u/∂x² + ∂²u/∂y²) − |u|²u = 0

Hapa u ni wimbi lenyewe, namba changamano katika kila nukta. Z ni umbali ambao mwale umesafiri. X na y ni upana. Solitoni nyeusi kabisa ni u = tanh(x) ikizidishwa na fezi inayozunguka sawasawa kila mahali. Njia ya kukokotoa ni ile ya kugawa hatua: kila hatua fupi ya z inatenganishwa kuwa sehemu ya mtawanyiko, inayofanywa kwa mgeuzo wa Fourier (unaolipasua wimbi kuwa jumla ya mawimbi sahili), na sehemu isiyo ya mstari, inayofanywa nukta kwa nukta. Msimbo mzima haufiki mistari 60.

13 Januari. Solitoni isiyoalikwa

Jaribio la kwanza halikufika mbali. Niliweka tanh(x) katikati ya gridi, na kabla ya z = 5 mawimbi madogo yalikuwa yakiingia kutoka kingo za kulia na kushoto, yakikutana katikati na kuutikisa mfereji. Mwanzoni nililaumu ukubwa wa gridi, nikaiongeza mara mbili. Mawimbi yakaja yale yale, ila yakachelewa.

Kosa lilikuwa langu na la msingi. Mgeuzo wa Fourier huchukulia kwamba ukingo wa kulia umeshonwa na wa kushoto, kama kanga iliyokunjwa pindo kwa pindo. Kushoto nina −1, kulia nina +1, na kwenye mshono thamani inaruka ghafla. Mruko wa namna hiyo, kwa mujibu wa mlinganyo wenyewe, ni solitoni nyeusi iliyovalishwa nguo isiyomtosha: ilijitengenezea mfereji wa pili pale ukingoni na kutema ziada yote kama mawimbi.

Suluhisho ni kumkubali mgeni na kumvalisha vizuri. Sasa ninaanza na mifereji miwili, u = tanh(x + 32) − tanh(x − 32) − 1, katika sanduku lenye upana wa 128 kwa x na 64 kwa y. Nje ya mifereji kuna −1, katikati yao kuna +1, na mshono hauna mruko wowote. Gharama yake ni gridi iliyo kubwa mara mbili ya inayohitajika (nukta 512 kwa 256, zikiachana kwa 0.25), na faida yake ni kwamba kila uigaji unatoa majaribio mawili kwa pamoja. Mifereji iko mbali kiasi kwamba haijuani.

27 Januari. Chenga

Hili ndilo kosa lililonigharimu zaidi, maana lilikuja limevaa sura ya ushindi.

Niliendesha kwa hatua za z za 0.05, bila kelele yoyote ya kuanzishia, yaani usumbufu mdogo wa kubahatisha. Hadi z = 30 mifereji ilikaa imenyooka. Karibu na z = 40 vijipunje vikaanza kuonekana, vikakua, na programu yangu ya kuhesabu visulisuli ikaripoti zaidi ya 300. Nilikwisha hifadhi picha kwa ajili ya kumtumia mwalimu wangu. Mpwa wangu, aliyekuwa amekaa pembeni akisubiri kompyuta iwe huru, akatazama akasema, "Mjomba, hizo si ni chenga tu, kama za televisheni?"

Alikuwa sahihi, na nilipaswa kuliona hilo mwenyewe, kwa sababu vijipunje vilitapakaa kila mahali na havikujali mifereji ilipo. Nilikuwa nimejiamini kwa kipimo kimoja: jumla ya mwanga katika sanduku, ambayo mlinganyo unadai isibadilike, ilikuwa imebaki ile ile hadi tarakimu ya 12. Nisichokitafakari ni kwamba njia ya kugawa hatua huihifadhi jumla hiyo hata inapokosea. Sehemu zote mbili za kila hatua zinazungusha fezi tu, katika nafasi ya kawaida au katika nafasi ya Fourier, na kuzungusha fezi hakupunguzi wala hakuongezi mwanga. Kipimo hicho kwa hiyo kinaonyesha makosa ya kuandika msimbo na hakionyeshi lolote kuhusu urefu wa hatua. Nilipopima nishati, yaani jumla ya ½|∇u|² + ½|u|⁴, nikakuta imepanda zaidi ya maradufu.

Chanzo kimeelezwa tangu mwaka 1986 na Weideman na Herbst. Mandharinyuma yenye mwanga sawasawa, ikikokotolewa kwa hatua zilizogawanywa, huyumba kwa uongo pale ambapo hatua moja ya mtawanyiko inazungusha fezi ya wimbi fulani kwa π. Kwa vizio vyangu hilo hutokea namba-wimbi k (2π ukigawa kwa urefu wa wimbi, yaani kubwa kwa mawimbi mafupi) inapokaribia mzizi wa 2π/Δz. Kwa Δz = 0.05 hiyo ni 11.2. Gridi yangu inabeba namba-wimbi hadi 12.6 kwa kila upande, na hadi 17.8 kwenye pembe, kwa hiyo eneo la hatari lilikuwa ndani kabisa. Nilichora u katika nafasi ya Fourier nikaona pete nyembamba, safi kama iliyochorwa kwa bikari, yenye nusu kipenyo cha 11 na kitu. Nyoka wa kweli angekuwa na namba-wimbi chini ya 1.

Kanuni ya kushika kwa gridi ya pande mbili yenye nafasi Δx ni kwamba Δz iwe ndogo kuliko Δx²/π. Kwa Δx = 0.25 kikomo ni 0.0199. Ninatumia 0.01, ambayo inaipeleka pete hadi 25, nje ya gridi. Picha ya ushindi nimeifuta, ila pete ya Fourier nimeibakiza, na kila uigaji sasa unaandika nishati baada ya kila hatua 100.

3 Februari. Nyoka aliyelala

Kwa hatua fupi uigaji ulikuwa safi hadi z = 100, na mifereji ikabaki imenyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Hakuna kilichotokea. "Mjomba, huyo nyoka mbona kalala?"

Hesabu fupi inajibu. Ukuaji wa kasi zaidi unaotarajiwa ni karibu 0.26 kwa kila kizio cha z. Mwanzo wangu haubadiliki kabisa kwa y, hivyo kitu pekee kinachoweza kumwamsha nyoka ni makosa ya kukadiria tarakimu ya 16. Kutoka 10⁻¹⁶ hadi 1 kunahitajika ukuaji wa logi ya asili 36.8, na 36.8 ukigawa kwa 0.26 unapata z ya 142. Nilisimamisha saa moja kabla ya mapambano.

Katika maabara kelele haihitaji kualikwa. Hapa nimeongeza kelele changamano ya kimo cha 0.001, na nimeichuja ibaki na namba-wimbi zilizo chini ya 2 tu, kwa sababu nitakayoieleza chini. Mifereji ikaanza kupinda karibu na z = 28, na kufikia z = 34 ilikuwa imekatika.

Umeme ulikatika pia, siku hiyo hiyo, na betri ya kompyuta hii haimalizi dakika 20. Uigaji mdogo huchukua dakika chache tu, kwa hiyo hasara haikuwa kubwa, lakini niliandika sehemu ya kuhifadhi hali ya sasa kila baada ya hatua 500. Sehemu hiyo nayo itanigeuka, kama itakavyoonekana.

17 Februari. Kupima kasi ya ukuaji

Kabla ya kuamini visulisuli nilitaka namba za kulinganisha na nadharia. Nadharia ya solitoni nyeusi, kwa vizio hivi, inasema mambo mawili yanayokokotoleka kwa kalamu. Kwanza, mpindo wowote wenye namba-wimbi k kubwa kuliko 1 haukui. Pili, kwa k ndogo kasi ya ukuaji inakaribia k/√3. Hili la pili linapendeza likielezwa kwa mfano wa kamba: mfereji una mkazo kama kamba ya gitaa, 4/3 kwa kila kizio cha urefu, lakini uzito wake ni hasi, −4, kwa sababu ndani yake kuna upungufu wa mwanga na si ziada. Kamba ya kawaida ukiivuta inarudi. Kamba yenye uzito hasi ukiivuta inakimbilia huko huko ulikoivutia.

Sanduku lenye urefu wa 64 kwa y linaruhusu k = 2πn/64 tu, n ikiwa namba kamili. Nilianzisha kila n peke yake na kupima logi ya kimo chake.

Namba za kwanza zilikuwa mbaya: kwa n = 7 nilipata 0.14, karibu nusu ya nilichotarajia. Nilitumia jioni mbili nikitafuta kosa katika msimbo, ilhali kosa lilikuwa katika kupima. Usumbufu wowote unaouanzisha ni mchanganyiko wa sehemu inayokua na sehemu inayokufa, na mwanzoni zote mbili zina kimo sawa, kwa hiyo jumla yake huanza kwa kusuasua kabla ya sehemu inayokua kutawala. Nilikuwa nimepima kati ya z = 0 na z = 5. Nilipohamia kati ya 10 na 20, ambapo logi ni mstari ulionyooka, n = 7 (k = 0.69) ilitoa 0.26. Kwa n = 2 (k = 0.196) nilipata 0.107, wakati kanuni ya k/√3 inatoa 0.113, tofauti hiyo ni ya kutarajiwa, kwani kanuni ni ya k ndogo sana. Kwa n = 10 (k = 0.98) ukuaji ulikuwa dhaifu, karibu 0.1. Kwa n = 11 (k = 1.08) hakukuwa na ukuaji kabisa, kimo kilipanda na kushuka tu. Mpaka uko pale Kuznetsov na Turitsyn walipouweka.

Hapo ndipo nilipoanza kuuamini msimbo wangu.

2 Machi. Visulisuli vinazaliwa wapi

Kuhesabu visulisuli ni rahisi kwa maneno: chukua kila mraba mdogo wa gridi, zunguka pembe zake nne, jumlisha mabadiliko ya fezi, ikitoka 2π au −2π kuna kisulisuli ndani. Tatizo ni kwamba programu yangu iliripoti zaidi ya 200 kwenye z = 0, wakati mifereji ilikuwa bado imenyooka kabisa. Nilidhani ni hitilafu ya kukadiria, nikaweka kizuizi, kisha kizuizi kingine, na hesabu ikawa inaruka ovyo.

Ilinibidi niache kuparaza nikafikiri. Kwenye mstari wa katikati ya mfereji sehemu halisi ya u ni sifuri. Kelele inaongeza sehemu dhahania kidogo, mahali pengine chanya, mahali pengine hasi. Palipo na mpito kutoka chanya kwenda hasi, sehemu zote mbili ni sifuri kwa wakati mmoja, na ukiizunguka nukta hiyo fezi inafanya mzunguko kamili. Kwa maana ya kihesabu programu haikukosea: visulisuli vilikuwapo tangu mwanzo, ila vimelala, vimebanwa na kurefuka kando ya mfereji. Kelele yangu ya kwanza ilibadilika kutoka nukta hadi nukta, kwa hiyo ishara zilipishana karibu kila nukta ya pili. Ndiyo sababu nikaichuja.

Ukilielewa hilo, picha nzima ya myumbo inanyooka. Sehemu dhahania ikikua mahali fulani, mfereji pale si mweusi tena bali wa kijivu, na solitoni ya kijivu haitulii, husogea pembeni kwa mwendo unaolingana na ukijivu wake. Palipo na chanya kipande kinasogea upande mmoja, palipo na hasi kinasogea upande wa pili, na huko ndiko kujipinda kunakoonekana. Kadiri kinavyosogea ndivyo kinavyozidi kupauka, na kupauka kunakiongezea mwendo. Nukta za mpito kati ya vipande haziwezi kupauka, kwa sababu pale u ni sifuri na fezi imefungwa fundo, kwa hiyo zinabaki nyuma kama visulisuli, kimoja kikizunguka kulia na jirani yake kushoto. Nilikuwa nikisema visulisuli ni mabaki ya nyoka aliyekatika. Ninavyoona sasa, fundo lilitangulia na nyoka akajipinda kulizunguka.

Kwa kuhesabu vilivyokomaa tu, ninadai kwamba ukali wa mwanga umbali wa kizio 1 kutoka kwenye nukta, pande zote nne, uwe umevuka 0.2. Kisulisuli kilicholala kinashindwa mtihani huo katika mwelekeo wa mfereji. Kwa kigezo hiki kuna 0 kwenye z = 20 na 26 kwenye z = 34, nusu wa kulia na nusu wa kushoto. Matarajio yalikuwa 28: mpindo unaokua haraka zaidi ni n = 7, kila wimbi lake lina mipito miwili, na mifereji ni miwili. Mfereji mmoja ulichagua n = 6.

Kufikia z = 60 vilikuwa vimebaki 18. Nilifuatilia jozi moja kwa karibu, picha moja kwa kila nusu kizio. Viwili vyenye mizunguko kinyume vilikaribiana hadi kama vizio 2 hivi, matundu yao yakaungana kuwa kovu moja refu, kisha fezi ikafumuka na hakukuwa tena na nukta ya sifuri popote. Kilichobaki ni bonde la giza hafifu lililoondoka kwa kasi bila mzunguko wowote. Ni kiumbe kilichotabiriwa na Jones na Roberts mwaka 1982 kwa mlinganyo huu huu, wakiwa wanafikiria kimiminika baridi na si mwanga.

16 Machi. Mwale wenye mwisho

Hadi hapa mandharinyuma haikuwa na ukingo, jambo ambalo hakuna leza inayoweza kulitoa. Hatua ya mwisho ilikuwa kuweka mfereji mmoja ndani ya mwale wa Gauss, unaofifia polepole kutoka katikati kwenda nje, wenye nusu upana w. Hapa solitoni moja inatosha, kwa sababu kwenye mshono wa sanduku hakuna mwanga wa kugombana. Gridi imekuwa nukta 2048 kwa 2048, na hali moja inachukua MB 67.

Ile sehemu ya kuhifadhi nilikuwa nimeibadilisha iandike kila baada ya hatua 10, nikitaka video laini. Niliiacha usiku. Diski ilikuwa na GB 20 wazi, na faili la 299 likaandikwa nusu, programu ikafa, na kompyuta ikakataa kuwaka vizuri asubuhi mpaka nilipofuta vitu kwa njia ya dharura. Sasa ninahifadhi picha ndogo ya ukali wa mwanga kila hatua 50, na hali kamili mbili tu, ya sasa na ya kabla yake, zikipokezana.

Kosa la pili lilikuwa sponji ya ukingoni. Mwale unatanuka, mwanga unafika kwenye kingo na kurudi upande wa pili, kwa hiyo unahitaji ukanda unaoufyonza. Ukanda wangu ulianza ghafla, na mwanzo wa ghafla wa ufyonzaji huakisi mwanga kama ukuta. Nimeutanua hadi sehemu ya nane ya sanduku kila upande na kuupandisha polepole kwa umbo la kosaini ya mraba. Tangu hapo nishati haihifadhiki tena, kwa hiyo nilikagua urefu wa hatua kwa kurudia uigaji mmoja kwa Δz = 0.005 na kulinganisha.

Kwa w = 25 mfereji ulibaki umenyooka hadi mwisho. Safari hii sikutafuta kosa kwanza, nilichukua kalamu. Katikati ya mwale wa Gauss ukali hupungua takriban kwa 1/(1 + 4z²/w²), na kasi ya ukuaji inafuata ukali. Ukijumlisha 0.26 ikipungua namna hiyo hadi z isiyo na mwisho, jumla ya logi haizidi 0.2w. Kutoka kelele ya 0.001 hadi kukatika kunahitaji 6.9. Kwa w = 25 mwale mzima una uwezo wa 5.1 tu, kisha unakuwa umekonda mno. Nyoka hana chakula cha kutosha. Mpaka unaangukia karibu na w = 34, na kwa kelele ya 0.01 unashuka hadi 23 hivi. Haya ni makadirio ya kalamu, lakini w = 30 ilibaki imenyooka na w = 40 ikapinda bila kumaliza kukatika.

Kwa anayefikiria maabara, chukua mfano wa mwanga wa nanomita 780, ambao ni wa mstari wa rubidi, na maada ambayo mwanga unabadilisha mpindo wake wa mwanga kwa 0.0001. Kizio kimoja cha x ni mikromita 12 hivi, na kizio kimoja cha z ni milimita 1.2. Mfereji kukatika kwenye z = 34 ni safari ya sentimita 4, urefu wa chupa ya mvuke inayoshikika mkononi, na w = 34 ni nusu upana wa milimita 0.4. Mwaka 1991 Swartzlander na wenzake walionyesha mifereji ya giza iliyonyooka katika mwale wa pande mbili, na kwa hesabu hii sioni ajabu kwamba mfereji usiotengemaa unaweza kuonekana imara: mwale mwembamba au njia fupi vinatosha kumficha nyoka.

30 Machi. Gharama na uigaji wa mwisho

RAM ya ziada ya GB 8, shilingi 60,000. Diski ya nje, baada ya mkasa wa Machi, shilingi 140,000. Umeme si wa kuhesabu: kompyuta inakula wati 60 hivi, kwa hiyo saa 8 za kazi hazifiki nusu uniti. Kilichokwenda kweli ni wikendi, na nyingi kati yake ziliishia kwenye chenga.

Uigaji wa mwisho ulikuwa w = 60, kelele 0.001, Δz = 0.01, hadi z = 45, na ulichukua zaidi ya saa moja kidogo. Kufikia z = 38 sehemu ya katikati ya mfereji ilikuwa imekatika kuwa visulisuli 8. Vya katikati kabisa ni mviringo na vimeachana kwa nafasi karibu sawa. Vya pembeni bado virefu, vimelala nusu. Kuelekea ncha mbili za mfereji, mwanga unapokonda, mpindo unapungua polepole, na vizio 50 hivi kutoka katikati mfereji umenyooka kama ulivyochorwa siku ya kwanza. Mpwa wangu ameiweka picha hiyo kwenye skrini ya simu yake.